Hodi ya Kisigino

Zuwena hakuingia chumba chochote kabla hajapiga kisigino sakafuni mara mbili. Chumba chake mwenyewe, jiko, choo cha uani, hata chumba cha daktari: alisimama mlangoni, akapiga kisigino, akangoja kidogo, ndipo akavuka kizingiti. Wageni walidhani anakung'uta vumbi.

"Napiga hodi," aliniambia wiki niliyohamia chumba cha uani kwake, mtaa wa Ipuli, Tabora. "Nyoka hasikii maneno, mwalimu. Anasikia kwa tumbo. Ukimwambia unakuja, anajisogeza pembeni. Usipomwambia, mnashtukizana."

Ni siku moja tu, katika miaka niliyomjua, ambayo hakupiga hodi hiyo.

Mambo ya nyoka alifundishwa na baba yake, mrina asali wa Sikonge, aliyewakuta mara nyingi ndani ya mizinga na kuwatoa bila kuwaua, kwa kuwa aliamini nyuki huuhama mti uliomwagiwa damu. Zuwena aliolewa Tabora mjini na fundi cherehani, akabaki mjane na binti mmoja, Najiat. Alisuka mikeka. Na nyoka alipoonekana ndani ya nyumba ya mtu, mwenye nyumba alimpigia simu Zuwena. Alikwenda na mzinga wa gome wa baba yake, nondo iliyokunjwa ncha, na miwani mikubwa ya fundi wa kuchomelea. Nyoka aliingia mzingani, mzinga ukafungwa nyuma ya pikipiki, na kabla jua halijazama alikuwa amemwachia huko kwenye miyombo, kando ya barabara ya Ulyankulu, mbali na mashamba.

Watu walimhitaji na hawakumtaka. Kuna nyumba walizomwagia maji kizingiti mara tu alipotoka. Kuna nyumba moja alipewa chai kwenye kopo la maziwa ya unga, na kabla hajafika barabarani akalisikia kopo likitua jalalani.

"Mama Nyoka," mwanamume mmoja wa mtaani kwetu alimwambia siku alipomtoa kifutu chini ya kabati lake, "huyo leo wa kuchemsha au wa kukaanga?"

"Wa kuchemsha," Zuwena akajibu. "Tatizo sufuria langu dogo. Niazime la mkeo."

Walicheka wote waliokusanyika. Kisha mzinga ulipopita karibu nao, wakaruka nyuma, na mwanamke mmoja akatema mate chini.

Halafu Najiat akapata mchumba. Nasri alikuwa kijana mpole wa mtaa wa Cheyo, na mama yake, Bi Tatu, alitoka katika ukoo uliojihesabu kuwa wenye mji tangu enzi za misafara. Nyumba yao ilikuwa ile ya zamani, mlango wa nakshi, kuta za udongo nene kama kitanda. Bi Tatu alikuja Ipuli, akaangalia kiti alichowekewa, hakukaa.

"Mama Najiat, binti tumempenda. Lakini watu wanasema wewe ni Myeye."

Wayeye ni chama cha zamani cha Wanyamwezi cha kucheza na nyoka na kutengeneza dawa zao. Zuwena hakuwahi kuwa mmoja wao.

"Mimi nasuka mikeka, mkwe."

"Na nyoka?"

"Nyoka nawatoa tu."

"Basi kuanzia leo waache humo humo walimo. Sitaki wajukuu zangu waitwe watoto wa nyoka."

Zuwena aliapa mbele ya sheikh na wazee wawili wa ukoo, mkono juu ya msahafu, kwamba hatagusa nyoka tena. Miwani aliirudisha kwa fundi. Nondo ilichukuliwa. Mzinga Bi Tatu alitaka uchomwe, naye akiwa amesimama pale akitazama. Gome lilikuwa limeshiba nta ya miaka mingi. Liliwaka haraka, na uani kote kukanukia asali.

"Siku ukirudi kwa nyoka," Bi Tatu alisema moto ulipokuwa unapungua, "mwanao atarudi kwako."

"Nimesikia, mkwe."

Arusi ikafungwa. Simu ziliendelea kulia, na Zuwena akawa anajibu kwamba ameacha. Nyoka wakauawa. Yule mwanamume wa kabati alimponda kifutu mwingine kwa tofali, akaja kumtupa mlangoni petu. "Mama Nyoka, msiba wako huu," akasema, akaenda zake. Zuwena alimchota kwa koleo, kwa sababu aliapa kutogusa, akamfukia nyuma ya choo. Kila Alhamisi Najiat alikuwa akimpigia simu, wanazungumza juu ya mapishi na ujauzito, na sauti ya Zuwena siku hizo ilisikika hadi chumbani kwangu. Kwa sauti hiyo nilijua kwamba mzinga ule uliochomwa, kwake, ulikuwa kama umeuzwa kwa bei ya haki.

Simu ya Bi Tatu ilikuja mchana mmoja baada ya swala ya adhuhuri. Swila, yule nyoka anayetema sumu machoni, alikuwa ameingia chumbani kwa Najiat, akajibanza nyuma ya kitanda. Kuta zile nene zilikuwa na mashimo, na fahari ya ukoo haikuruhusu zizibwe kwa saruji. Siku hiyo walikuwapo wageni, mashangazi wa Nasri kutoka Ujiji, waliokuja kumwona mke. Walikaa uani, kando ya bomba la maji, wakingoja chakula.

Yaliyofuata Zuwena alinisimulia kidogo kidogo, kitandani hospitalini, huku macho yamefungwa bandeji.

Bi Tatu alimpokea mlango wa nyuma.

"Mkwe, na kiapo?" Zuwena aliuliza.

"Kiapo ni cha mbele za watu. Hapa hapana watu."

"Sina miwani. Sina hata fimbo."

"Ufagio huo hapo, na ndoo ya rangi yenye kifuniko. Fanya haraka. Usikohoe. Na hicho kisigino chako usikipige, mji mzima unakijua."

Zuwena alisimama mlangoni mwa chumba cha mwanawe. Mguu ulitaka kunyanyuka wenyewe, akauzuia. Akaingia kimya. Swila hakuwa tena nyuma ya kitanda. Alikuwa amekuja hadi nyuma ya mlango. Wakashtukizana.

Sumu ilimpata macho yote mawili. Hakupiga kelele. Alivuta shuka kitandani, akamfunika nyoka kwa kupapasa, akamsukumia ndani ya ndoo na kukaza kifuniko. Ndipo akakaa sakafuni na kuita maji, kwa kunong'ona.

Najiat alileta kikombe kimoja.

"Ndoo, mwanangu. Lete ndoo."

"Mama, siwezi kupita nayo. Wataniuliza naosha nini."

"Basi leta kikombe kingine."

Najiat alikwenda. Hakurudi. Baadaye Zuwena alisikia shangazi mmoja akiuliza uani, "Yule mama aliyeingia kwa nyuma ni nani?" na sauti ya mwanawe ikijibu, "Muuza mikeka, shangazi." Mlango wa chumba ukafungwa kwa nje.

Jikoni sufuria la maji ya chai ya wageni lilikuwa linatokota. Bi Tatu, aliyeitoa ndoo ya rangi chumbani kabla ya kufunga mlango, aliibeba mpaka pale, akainua kifuniko kidogo, akamimina maji yote. Zuwena alilisikia lile lililokuwa ndani likigonga pande za ndoo, kwa nguvu, kisha polepole. Kisha akamsikia Bi Tatu akiagiza sufuria lijazwe tena, maana chai ilikuwa bado.

Walimtoa wageni walipoingia ndani kuswali alasiri. Alifunikwa ushungi usoni, akapandishwa pikipiki, akaletwa kwangu. Nilimmwagia maji machoni ndoo baada ya ndoo, lakini alikuwa ameshaacha kupepesa.

Daktari wa macho alimuuliza alitemewa wapi.

"Shambani."

"Uliosha papo hapo?"

"Niliosha."

"Kwa maji mengi?"

"Mengi," alisema Zuwena.

Daktari aliniangalia mimi. Alisema angeoshwa vizuri papo hapo, huenda tusingekuwa tunazungumza habari ya upofu.

Aliporudi Ipuli macho yake yalikuwa meupe kama maziwa yaliyoganda. Habari zilikwisha kufika kabla yake. Kwenye arusi ya watu, Bi Tatu aliwaambia wanawake kwamba Mama Najiat alirudi kwa nyoka kwa siri, huko mashambani, na kiapo kikamshika. Alisema yeye hatamrudisha binti wa watu kwa kosa la mama yake, na wanawake wakamsifu kwa moyo wake. Nilipomletea maneno hayo niliyoyasikia mtaani, nilisema nitakwenda Cheyo kusema ukweli.

"Utamwambia nani?" Zuwena aliuliza. Alikuwa anasuka; vidole vilikuwa vinautafuta ukindu mmoja mmoja. "Ukisema nilitemewa chumbani kwa Najiat, utakuwa umesema nyoka yumo chumbani kwake. Watasema amemrithi mama yake. Watamrudisha, atajifungulia huku. Kaa, mwalimu."

Nikakaa.

Najiat alijifungua mtoto wa kike. Tulisikia kwa jirani. Zuwena alisuka mkeka mdogo, nami nikaupeleka. Bi Tatu aliupokea kwa ncha za vidole na kuniambia mama mtu asije kwa sasa, macho yale yatamshtua mtoto. Nilipotoka, Najiat alikuwa dirishani na mwanawe begani. Aliniona, akashusha pazia.

Kisha Abbasi, kaka yake Zuwena, akaja kutoka Sikonge na gari la kukodi kumchukua, kwa kuwa asiyeona hawezi kukaa peke yake, na mimi nilikuwa nimepata uhamisho. Zuwena alinituma nimpigie Najiat nimwambie siku na saa. Nilimpigia. Alisema, "Sawa, mwalimu."

Tulingoja mpaka dereva akaanza kulalamika. Abbasi alimshika mkono hadi kwenye gari. Zuwena alisimama kwenye mlango wa gari, akapiga kisigino chini mara mbili, akangoja, akapanda. Alipokwisha kukaa aligeuza uso upande niliokuwapo.

"Amekuja?"

"Hajaja, dada," nikamjibu.

"Afadhali," alisema. "Watu wangemwona."