Mchanga, Mkonge na Ufizi Wangu

Ilianza Jumapili, saa nne asubuhi, tulipokuwa tukitoka kanisani Voi na upepo ukatuletea ile harufu chachu ya mkonge uliokamuliwa. Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na mwaka uliofuata nilitarajiwa kuingia shule ya bweni huko milimani. Binamu yangu Mkamburi, aliyekulia Wundanyi kwenye maji ya kijito na aliyekuja kututembelea, aliniona nikicheka akasema, "Mghoi, huko bweni usicheke. Watadhani umetafuna kutu." Wasichana wote tuliotoka nao kanisani wakaangua kicheko. Meno yangu yalikuwa na madoa ya kahawia, kama ya watoto wengi wa tambarare tuliokunywa maji ya kisima cha chumvichumvi. Nilifunga mdomo, na kusema kweli sikuufungua tena vizuri kwa miezi miwili.

Nyumbani sufuria tulizisugua kwa mchanga wa mto na nyuzi za mkonge, ambazo baba alizileta kutoka shamba alikofanya kazi. Zilitoka ziking'aa hata ukajiona uso. Nikajiambia, kama masizi hutoka, madoa yatashindwaje? Basi kila alfajiri na kila jioni nilijificha nyuma ya ghala, nikazungusha nyuzi kidoleni, nikachovya mchangani, nikasugua mpaka mate yakawa mekundu. Damu ile niliichukulia kuwa ishara ya dawa kufanya kazi. Katika daftari langu la siri niliandika, "Bado kahawia. Kesho nizidishe." Madoa hayakutoka. Kilichoondoka ni ufizi. Meno ya mbele yakaonekana marefu, mizizi yake ya manjano ikachungulia, na maji ya mtungi yakanichoma kama sindano.

Nyanya, mama yake baba, alishuka kutoka Sagalla akatuletea miwa. Aliniona nikiulamba muwa badala ya kuutafuna.

"Mke mwenzangu, umekuwa kibogoyo kabla yangu?" akanitania, kama nyanya wanavyowatania wajukuu wao wa kike.

Akaniamuru nifungue mdomo, akatazama kwa muda mrefu, kisha akauliza nilikuwa nikiyasugua kwa kitu gani. Nilipomwambia, hakucheka wala hakunigombeza. Aliuvuta mdomo wake wa chini kwa kidole. Pale alipokuwa akiweka tumbaku tangu ujana wake, meno mawili yalisimama uchi, yakitikisika, na kando yake palikuwa na pengo.

"Na jino lililokuwa hapa lilianza hivyo hivyo, likawa refu," akasema. "Ufizi si nyasi, mjukuu wangu. Ukishaondoka, mvua haiurudishi."

"Na madoa?"

"Doa halimzuii mtu kutafuna. Pengo linanizuia mimi."

Nikalia, nikamwuliza kama yangu yatang'oka. "Ukiacha leo, huenda yakabaki," akasema. "Wewe uache mchanga, mimi niache tumbaku. Tuone nani ataanza kudanganya." Akatoa kopo lake la tumbaku, akaniwekea mkononi.

Husemwa majuto ni mjukuu. Kwangu yalikuwa nyanya, tena yalifika mapema, na ninashukuru. Leo madukani kuna miswaki ya kila rangi, na wajukuu wangu huitumia kusugua meno kwa nguvu kama mtu anayekwangua sufuria. Ninawaambia wapunguze mkono. Ufizi wangu haukurudi mahali pake, lakini uliishia pale pale ulipofika siku ile. Meno yote ya mbele ninayo, marefu na ya kahawia, na ndiyo ninayochekea. Nyanya alivunja ahadi mara mbili, na mara zote mbili alikuja kuungama mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata siku ile ya ahadi niliumwaga mchanga mtoni, nikazirudisha nyuzi jikoni kwenye kazi yake. Nyanya akanikatia kijiti cha mswaki, akakiponda ncha kwa jiwe mpaka ikawa laini kama unyoya, nikakipitisha menoni polepole. Kisha nikakata muwa vipande vidogo vidogo, tukakaa kizingitini tukavitafuna kwa magego, yeye upande wa kushoto, mimi upande wa kulia.