Gari la Viti Viwili

Dinah aliwahi kuumwa jino mara moja tu katika miaka ishirini na miwili ya kazi, na siku hiyo ghala lao pale Kitale lilipokea lori zima la mahindi mabichi.

Kazi yake ilikuwa kuuma. Alishika bambo, kile chuma chenye ncha na tundu, akalichoma ubavuni mwa gunia, akachopoa punje kiganjani, akatupa moja mdomoni. Ikilia ka! alitikisa kichwa kuelekea mzani. Ikibonyea, aliitema karibu sana na viatu vya mwenye mahindi. Mashine ya kupimia unyevu ilikuwepo, imefunikwa kitambaa kizuri, ikingoja wageni kutoka Nairobi. Wachuuzi walimletea soda, wengine walimtajia wachungaji wanaowajua. Alikunywa soda, akawasalimia wachungaji, akayakataa mahindi. Neno "kavu" likitoka kwake, hakuna aliyefungua gunia mara ya pili. Alikuwa mjane, nyumba yake ya kupanga ilivuja pembe moja, na neno hilo ndilo kitu pekee alichokimiliki chote.

Sasa mkwewe alikuwa amepatwa na gari.

Bramwel, mume wa binti yake Emmy, alikodisha mahema, viti na vipaza sauti vya matanga huko Bungoma, na kwa kuwa watu wa Bungoma hawakuacha kufa, mambo yalimnyookea. Alipofika miaka arobaini na mmoja, umri ambao wanaume wengine huokoka au huoa tena, yeye aliliona gari jipya jekundu la mbio kwenye yadi ya magari ya Naim hapo Kitale. Naim alikubali kulibadilisha kwa pikapu ya Bramwel na kitita juu yake. Bramwel aliapa hatatia sahihi mpaka mama mkwe alipime. Asubuhi moja walimpitia kazini: yadi kwanza, kisha wamshushe Bungoma kwa maombi ya familia.

"Mama, sema ni bovu," Emmy alimnong'oneza kando ya lango la yadi. "Pikapu ikienda, vitunguu vyangu vitafika soko la Chwele na nini? Na kichwa?"

"Unataka niseme uongo."

"Mara moja tu, mama. Kwani utakufa?"

"Nikifa mumeo ana mahema."

Emmy hakucheka. Vitunguu vile vilimlipia hata heshima ya kumjibu mume wake, na Dinah alilijua hilo vizuri.

Bramwel alisimama nyuma ya pikapu akitazama mawingu. Vijana wa siku hizi wamelegeza heshima ya ukwe, wengine hata wanapiga picha wamemkumbatia mama mkwe, lakini Dinah hakulegeza. Mkwe hagusani na mama wa mke wake, hamkodolei macho, na hata katika pikapu ya milango minne Dinah alikaa nyuma kabisa na leso begani. Walizungumza kupitia mtu. Leo mtu alikuwa Naim.

"Naim, muulize mama kama ameamka vizuri."

"Mathe, anauliza kama—"

"Nimesikia. Mwambie nimeamka. Fungua hiyo kitu."

Naim alifungua boneti. Dinah aliinama, akaona shimo tupu lenye zulia.

"Injini imeibwa!"

"Hapana, mathe! Hii iko na injini nyuma. Hapo mbele ni buti."

"Buti mbele?" Alipima kwa macho kama anayejaza makopo ya mahindi. "Gorogoro sita. Saba ukishindilia."

Hata hivyo alizunguka. Aligonga mlango kwa kifundo cha kidole akasikiliza. Alinusa kiti. Mkono ulimwasha kwa kukosa mahali pa kuchoma bambo. Mwishowe alisema lazima aliume kwa njia yake, basi Naim akamsaidia kuingia, maana kuingia kulikuwa kama kukalia karai: magoti yalimjia kidevuni.

Walishika barabara ya Suam, Naim kwenye usukani. Lori la mahindi lilikuwa mbele, limeandikwa maneno mgongoni, na kabla hajasoma neno la kwanza lilikuwa limeshabaki nyuma. Dinah alipiga yowe. Halafu, bila kutarajia, yowe lile likageuka kicheko.

"Nipunguze, mathe?"

"Nani amesema upunguze?"

Mashamba yalimiminika pande zote mbili kama punje zinazomwagwa. Maisha yake yote alikuwa amesimama kando ya magunia ya watu wengine, miguu imevimba, akisema hiki kipite, hiki kirudi, na hakuna siku kitu kilimchukua yeye kikampeleka. Machozi yalimtoka. Akayaita vumbi, ingawa vioo vilikuwa vimefungwa.

Waliporudi, tumbo la gari lilikwaruza tuta kwa sauti ya mtu anayekwangua ugali chini ya sufuria. Na kila kona kiwiko cha Naim kiligusa chake. Mara ya tatu alikitazama kiwiko kile kwa muda mrefu.

Kule yadini Bramwel alikuwa bado na mawingu yake. "Muulize mama."

Emmy alimkazia mama yake macho. Dinah aliyaona, akayaepuka.

"Mwambie ni kavu," alisema.

Emmy alifumba macho. Bramwel alirukaruka kama aliyefunga goli, akachomoa funguo za pikapu mfukoni. Naim tayari alikuwa na karatasi mkononi.

"Sasa mwambie anipeleke maombi," Dinah akaongeza.

Ilianza kunyunya. Bramwel aligeuka kwa furaha kulielekea gari jekundu, akasimama. Alilizunguka mara moja. Akalizunguka tena, kama mtu aliyepoteza mbuzi.

"Naim. Haina kiti cha nyuma?"

"Nyuma si ni injini, boss."

"Na mbele?"

"Buti."

"Mama hawezi kukaa kwa buti, bana."

"Hiyo nimesikia," Dinah alisema.

"Emmy amwendeshe. Mimi nipande bodaboda."

"Mwulize, Naim, kama itakuwa hivyo kila mara. Nikiugua je? Atakuja na mimi tumebanana mabega mpaka hospitali, Bungoma nzima ikituona?"

Naim alifungua mdomo kutafsiri, akaona hakuna haja. Mvua ilikaza. Bramwel alizitazama funguo kiganjani mwake, kisha akazirudisha mfukoni polepole sana.

"Mathe, lakini si umesema ni kavu?" Naim alilalama.

"Ni kavu. Nimedanganya wapi?"

Walipanda pikapu. Emmy alikaa mbele akiuma midomo asicheke. Dinah alikaa nyuma kabisa, leso begani, mawazo yake bado yakikimbia barabara ya Suam.

Nje ya mji walikuta lori jingine mbele yao, nalo limeandikwa mgongoni.

"Emmy, mwambie mume wako alipite."

Bramwel alikanyaga. Pikapu iliguna, ikatetemeka, ikabaki palepale. Basi Dinah alipata nafasi ya kusoma maneno ya mgongoni, herufi moja moja, njia nzima hadi Kamukuywa: USIKARIBIE, HATUJAJUANA.