Wageni wa Kwenye Fremu ya Dhahabu

Kinyozi wa Barabara ya Jules, yule Mkongo wa Lubumbashi ambaye wengi wetu tunaozungumza Kiswahili hapa Johannesburg tulimkabidhi vichwa vyetu, amefariki dunia. Mkewe aliponipigia simu, kilichonijia kwanza hakikuwa sura yake bali picha iliyokuwa dukani kwake Malvern, ambayo niliishuku tangu siku nilipoiona. Ilikuwa nakala ya mchoro wa kihistoria, ndani ya fremu ya dhahabu: meli zimetia nanga, Wazungu wenye kofia za manyoya wameshuka na bendera yao, na wenyeji wachache wanawatazama kutoka pembeni. Aliinunua Turffontein, kwa bibi wa Kizungu aliyekuwa akihama na kuuza vyombo vyake. Akaitundika mkabala na mlango, ili kila apitaye aione.

Kwao, alinieleza, picha ya historia ukutani ni adabu. Humpa mgeni jambo la kuzungumza kabla chakula hakijaiva. Na hii, aliamini, iliwasifu wenyeji wa nchi hii kwa ukarimu wao. Mimi nilifundishwa chuoni kuuliza kwanza ni nani aliyemlipa mchoraji. Nilimwonyesha kwamba hakuna aliyechafuka matope katika ufuko ule, wala mwenyeji aliyefumbua kinywa. Akacheka, mashine ikiendelea kunguruma nyuma ya sikio langu. "Wee profesa, unaogopa mupaka rangi ya picha?" Sikucheka. Zilikuwa wiki za minong'ono kwamba wageni watashambuliwa, ambapo wenye maduka wageni walifunga mapema na kulala wakisikiliza mtaa, na yeye alikuwa ametundika mkabala na mlango picha ya watu waliokuja wakabaki na kila kitu.

Aliyemfumbua macho ni mama wa Kizulu aliyeuza magwinya, yale maandazi ya huku, nje ya duka. Siku moja aliingia kumpelekea chai, akasimama mbele ya picha mpaka chai ikapoa mkononi. Akamwuliza kinyozi kama ndivyo alivyojiona yeye na wageni wenzake. Kinyozi akajitetea kwamba ameona karamu ya kupokea wageni, basi. "Bhuti," mama akasema taratibu, akimwita kaka, "hao unaowaona wameshuka, hawakuuliza tena njia ya kurudi." Wateja tuliokuwa kwenye benchi tukainamia simu zetu. Duka lote lilikuwa mikononi mwa mama yule, kwa kuwa neno lake moja tu barabarani lingetosha kuleta umati wa kulivunja. Kinyozi akaishusha picha palepale, akaifunika kwa shuka la kunyolea. Minong'ono ilipozidi, mama alihamishia meza yake ya magwinya mbele kabisa ya mlango wa duka, na hakuna aliyeligusa. Sijui kama angefanya hivyo picha ikiwa bado ukutani. Nashuku asingefanya.

Hata hivyo kinyozi hakuitupa picha. Niliikuta baadaye katika nyumba yao ya kupanga Berea, ukutani juu ya meza ya chakula, nikamwambia wazi kwamba nadhani ameipenda dhahabu ya fremu kuliko ukweli. Safari hii hakunitania. "Huku ndiko mahali yake," akasema. "Watoto yangu wanasema Kizulu kunipita. Waone namna mugeni anaweza kuingia kwa watu, wasifanye vile." Nilitaka kumwamini. Lakini fremu ile ilipendeza mno juu ya viti vyao vyekundu, na mimi huyatilia shaka mapambo yanayokuja na maelezo mazuri. Tunanunua historia kwa kipimo cha ukuta, tunaiomba ifanane na pazia, kisha tunawalea watoto chini yake bila neno. Yeye angalau alisema neno.

Msibani, fremu ilikuwa mezani kati ya mishumaa, na ndani yake picha ya kinyozi mwenyewe, akiwa na tai. Nilimwuliza mjane ile nakala imekwenda wapi. "Iko nyuma yake," akajibu. "Aliomba tusiitoe." Nikaitazama sura ile kwa muda mrefu, nikijua kinachobanwa kati yake na ubao wa nyuma. Bado sina hakika kama ombi lile lilikuwa onyo au mapenzi ya kitu kizuri. Ila tangu siku hiyo, kila niingiapo nyumba yenye picha ya wageni wakipokewa, huwatafuta kwanza wale waliochorwa pembeni, nikauliza jioni ile walilala wapi. Na mimi niliye mgeni hapa, sithubutu kukaa kitini kabla sijauliza.