Chupa Kwenye Tuta la Lengalenga

Saa kumi na moja na robo alfajiri, hadida hupita juu ya nyumba ninayoishi siku hizi, mtaa wa Morningside mjini Durban. Ni ndege wakubwa wa kijivu wenye mdomo uliopinda, na mlio wao unafanana na toroli ambalo gurudumu lake halijapakwa mafuta kwa miaka. Majirani zangu wanawalaani. Mimi huamka nikachemsha chai, na Septemba inapofika hukaa na kikombe changu dirishani nikimkumbuka bibi yangu. Maana ilikuwa saa hiyohiyo, hadida wakipita, mwishoni mwa miaka ya tisini, alipoingia nilipolala, akanishika mguu na kuninong'oneza:

"Amuka. Iko mutu aliingia kwenye mboga."

Tulikuwa tumepanga nyumba ya vyumba viwili nje ya mji, juu ya mlima, mwendo wa teksi mbili kutoka katikati ya Durban. Baba alikuwa akilinda magari ya watu karibu na ufuko, mama akisuka nywele saluni, na wote wawili walilala mjini siku za kazi, wakapanda mlima Jumamosi jioni. Kabla ya hapo tulikuwa tumeishi katika chumba kimoja mjini pamoja na familia nyingine mbili, tumetenganishwa na mapazia ya kitenge. Kwa hiyo nyumba ile, pamoja na bati lake lililovuja, ilikuwa kitu kikubwa kwetu. Ilikuwa mahali pa kwanza tangu tutoke Uvira, Kongo, ambapo tuliweza kufunga mlango na ndani tukabaki sisi tu. Bibi yeye aliipendea udongo.

Sijui kama wewe uliwahi kuona majira yale ya Septemba kwa macho ya mgeni. Shuleni kwetu vitabu vilituonyesha theluji ikiyeyuka na watoto wenye mashavu mekundu, nami nilidhani majira ya kuchipua ni jambo la Ulaya. Kule mlimani yalianza kwa moto. Watu walichoma nyasi kavu, mteremko mzima ukawa mweusi, na baada ya siku chache ncha za kijani zikatoka ndani ya masizi. Miti iitwayo misinsi ilitoa maua mekundu kabla haijawa na jani hata moja. Minana wa manjano wakachanachana majani ya migomba yetu kusuka viota. Mforosadi uliokuwa nyuma ya choo ukatia rangi ya zambarau vidole vya watoto wote, na shuleni wenzangu wakaleta viwavi wa hariri katika maboksi ya viatu, wakibadilishana kwa peremende.

Bibi hakuamini hata kimoja. Mti unaotanguliza maua, alisema, unaficha kitu. Mdudu anayejisokotea nguo mwenyewe asiletwe nyumbani kwake. Hadida walipotua uani kuchokoa minyoo, aliwaangalia akiwa amesimama mlangoni na ufagio, kama mtu aliyeletewa askari wa kupekua nyumba. Kitu pekee alichokipokea bila maswali ni kumbikumbi. Walitoka jioni ya mvua ya kwanza, tukawakusanya chini ya taa kwa beseni la maji, akawakaanga kwa chumvi, na akala akiwa kimya kama mtu aliyeitwa kwa jina lake ugenini.

Baada ya mvua hiyo lengalenga ikaota. Ndiyo mchicha, wewe uuite upendavyo. Mbegu zake bibi alizitoa Uvira katika fundo la kitenge, akavuka nazo mipaka yote tuliyovuka, na kila askari alipomfungua fundo alisema ni dawa ya tumbo. Alitengeneza matuta manne kando ya uzio, akazimwaga kwa kuchanganya na mchanga ili zisirundikane, na upande wa ndani akapanda maharage. Hapo ndipo penye tofauti, na nakuomba uishike: bibi alipanda. Kwake lengalenga ilikuwa mboga ya tuta, yenye mwenyewe.

Asubuhi ile aliyoniamsha, tuta la karibu na uzio lilikuwa limekatwa ncha. Tulichuchumaa tukaangalia mche mmoja mmoja. Konokono hutoboa na kuacha ute. Hapakuwa na ute. Mbuzi hung'oa. Tumbili wa kule, wale wadogo wenye uso mweusi, huvunja, huonja na kutupa. Hapakuwa na kilichotupwa. Kila shina lilikatwa sehemu moja, juu ya jani la nne au la tano, safi.

"Mbuzi haiko na kucha ya kidole gumba," bibi alisema.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kizulu wa umri wa bibi, mjane, mwenye bomba la maji uani ambalo tulichota bila kulipa. Alitusalimia kila siku kwa maneno mengi, na bibi aliona kwamba ni mengi kupita kiasi kwa watu wasioelewana lugha. Jioni hiyo nilitumwa maji makusudi, nikaambiwa niangalie mikono yake. Niliangalia. Ukucha wa gumba la kulia ulikuwa na weusi wa kijani, ule unaoachwa na utomvu wa majani. Nilirudi nikasema nilichokiona, nikajiona mpelelezi hodari.

Tuta lilikatwa tena, na tena. Bibi hakwenda kugombana; alisema mgeni hagombani na mwenye bomba. Akafanya kama wanavyofanya kwao shamba linapoingiliwa. Alichukua chupa ya soda, akatia maji na masizi ya sufuria, akafunga mdomo kwa kitambaa chekundu na unyoya wa kuku, akaining'iniza kwenye kijiti katikati ya tuta. Bibi alikuwa mtu wa kanisa, mwimbaji wa kwaya. Alijua ndani hamna kitu. Uvira nako kila mtu alijua kwamba huenda ndani hamna kitu, ila hakuna aliyekuwa na haraka ya kuhakikisha, na hiyo ndiyo kazi ya chupa: inamwambia mwizi kwamba umemwona, bila kumtaja.

Mlimani kwetu chupa ilisema jambo jingine. Ilisema kwamba wale wageni kutoka Kongo, waliokuja bila ukoo na bila makaburi, wametega uchawi dhidi ya jirani anayewapa maji. Tuliyajua hayo kidogo kidogo. Watoto waliopita kando ya uzio kwenda shule wakaanza kuzunguka kwa juu. Mwenye duka akaniwekea chenji mezani badala ya mkononi. Shuleni mwenzangu aliyekuwa ananipa viwavi alihamisha boksi lake dawati la pili. Kisha bomba la jirani likafungwa kwa kufuli, na kwa mara ya kwanza tukateremka mtoni na ndoo. Bibi alipanda mlima na ndoo kichwani akiwa ameridhika. Sasa unaona, aliniambia, mwenye hatia amejionyesha.

Ijumaa mwenye nyumba akaja. Alikuwa mwanamume mpole, mwalimu aliyestaafu, na siku nyingine zote aliingia uani akikohoa na kuomba maji ya kunywa. Siku hiyo alisimama barabarani. Aliniita mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyejua Kizulu, akasema kitu kile kiondoke na sisi tuondoke mwisho wa mwezi. Nilimtafsiria bibi. Akanituma nimuulize kama amekuja kutetea wezi. Hilo sikulitafsiri.

Baba alipofika Jumamosi alikuwa amekwisha kusikia, stendi ya teksi. Hakuwa mtu wa kumpandishia mama yake sauti, kwa hiyo aliongea akiangalia sakafu. Alimwambia kwamba ule mji umejaa watu wanaolala wanne kitanda kimoja, kwamba hana pesa ya kuanza upya, kwamba karatasi zetu za ukimbizi ni za kuhesabiwa miezi.

"Mama, hapa si kwetu," alisema.

"Na mboga nayo si yetu?"

Mama alikuwa ameanza kufunga vyombo, sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa, kwa utaratibu wa mtu aliyekwisha kufanya hivyo mara nyingi.

Jumapili tulipotoka kanisani, jirani alikuwa amesimama nje ya uzio na beseni tupu. Hakuvuka. Alinionyesha chupa kwa kidevu, akaniambia nimuulize bibi yangu kama ile imewekwa kwa ajili yake, kwa sababu ya imifino. Ndiyo mboga za porini, wanazochuma wanawake baada ya mvua, popote zilipoota, hata katika shamba la mtu mwingine. Nikatafsiri. Bibi akasema ndiyo, ni kwa ajili ya mtu mwenye kidole gumba cha kijani.

Mama yule aliongea polepole ili nisipoteze neno. Alisema hajawahi, katika maisha yake yote, kusikia mtu anayepanda imbuya, ndiyo lengalenga kwa Kizulu. Imbuya hujiotea na mvua. Aliona imejaa kwetu, inasonga maharage, akadhani sisi watu wa mbali hatujui kwamba inaliwa. "Nilikuwa nawapalilia," alisema. "Nilitaka nimfundishe bibi yako kuipika, lakini hakai barabarani tukazungumza."

Nilipomaliza kutafsiri, bibi alikaa juu ya jiwe la mlangoni. Nilifikiri amekasirika. Sasa nafikiri alikuwa akipita tena mipaka ile yote, akifungua fundo lake mbele ya askari mmoja baada ya mwingine, kwa ajili ya kitu kilichokuwa kikijiotea bure kando ya barabara huku alikokuwa akienda.

Kisha akainuka, akaenda kwenye tuta, akang'oa kijiti. Akatoa unyoya na kitambaa, akasogea hadi uzioni, na kabla baba hajamfikia akanywa. Alikunywa mafunda matatu, masizi yakimchuruzika kidevuni.

"Mwambie iko maji," aliniagiza. "Maji ya kwake mwenyewe, ya bomba."

"Haibo," alisema jirani, akaziba mdomo kwa mkono. Halafu akacheka, mpaka akalazimika kushika nguzo ya uzio. Bibi hakucheka. Alimnyooshea chupa, kama anayemkaribisha, na yule akatikisa kichwa, akasema uchawi huo mchungu, amwachie mwenyewe.

Jumatatu kufuli ilikuwa imetoka. Jirani alikuwa amekwenda mwenyewe kwa mwenye nyumba, na mama, kabla ya kushuka mjini, akatoa sufuria ndogo ndani ya kubwa. Wiki hiyohiyo jirani akatuletea imbuya iliyosongwa pamoja na unga wa mahindi, akaonja mbele ya bibi kabla ya kumkabidhi bakuli, jambo ambalo bibi aliliheshimu sana kwa kuwa vinginevyo angemtaka aonje. Tuta la uzioni likawa lake, na kwa kukatwa ncha kila mara likatanuka matawi, likaendelea kutupa majani wakati mengine matatu yamekwisha kuzaa mbegu.

Hata hivyo mimi ni mtu wa kupima mambo, na lipo ambalo halijakaa sawa. Kama alikuwa akitupalilia, kwa nini alikuja alfajiri? Majani yaliyochumwa kabla ya jua hayanyauki, hilo nalijua. Bibi naye alilijua, na bado aliamka na hadida hadi mwisho wa maisha yake, akaenda kusimama kando ya matuta.

Nilipita kule mwaka jana. Mteremko wote sasa ni nyumba na kuta, lami imefika hadi mlangoni petu, na hakuna tena nyasi za kuchoma. Mforosadi haupo. Jirani hayupo, bibi hayupo, na sikuona mwanamke hata mmoja akitembea na beseni baada ya mvua, ingawa imbuya ilikuwa imejaa kando ya mtaro.

Tulikaa pale miaka minne. Siku tuliyohama, mwenye nyumba alitushika mikono sote, akambariki bibi, akampa baba bahasha yenye pesa ya garanti tuliyolipa tulipoingia. Baba aliifungua ndani ya teksi. Ilikuwa imepungua, na pamoja nayo kulikuwa na karatasi yenye mwandiko mzuri wa mwalimu: zimekatwa pesa za mganga aliyekuja kusafisha uwanja, Jumapili moja mlipokuwa kanisani, mwaka ule wa chupa. Randi mia moja na hamsini.