Mzee Aliyekuja na Gari

Sikuwa nimelewa, na haikuwa usiku. Nawaambia mapema kwa sababu kila nikianza kusimulia, hakosi mtu wa kucheka na kuniuliza nilikuwa nimekunywa nini. Ilikuwa saa nane mchana, mvua inanyesha, na mimi chang'aa hata kuonja sijawahi. Haya, chekeni mkitaka, lakini kama mnakula, wekeni sahani kando kwanza.

Kazi yangu ni kukodisha mahema na viti, na huku kwetu Homa Bay kazi hiyo maana yake ni matanga. Kila Ijumaa niko kwenye boma la watu, trela nyuma, nateremsha viti. Lakini gari kubwa sikuitafuta kwa ajili ya viti. Binti yangu Atieno ana selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao mtoto akipigwa na baridi, viungo vyote vinawaka moto. Mvua za mwaka uliotangulia zilitukuta na kigari changu kidogo, kikazama kwenye udongo mweusi, tukalala hapo na maumivu yake mpaka asubuhi. Akawa ananiomba nimwache afe. Mtoto mdogo hivyo! Nikaapa kwamba mvua nyingine haitanikuta hivyo.

Basi nikazunguka. Migori niliona moja ndefu, tamu kwa macho, lakini tumbo lake liko chini sana, na matope ya kwetu hayana huruma. Awendo nikaonyeshwa nyingine iliyoinuka vizuri, ila ukiifunga trela inapumua kama mtu wa pumu. Fundi wangu alikuwa ameniambia nitafute dizeli, chesisi nzito, magurudumu yote manne yavute, viti saba. Hiyo nikaipata Oyugis kwa broka mmoja mwenye mdomo wa asali. Kasoro ilikuwa moja tu, harufu. Samaki aliyesahaulika kwenye mfuko wa plastiki, na juu yake dawa kali ya kuwasha macho.

"Hiyo ni zulia ilinyeshewa, omera, ndugu yangu," akaniambia. "Fungua madirisha siku mbili, itaisha."

Nikamwamini. Mnaona ujinga?

Trela yangu ilikuwa hapo hapo Oyugis imetoka kazini, nikaifunga, nikamwambia broka nataka kuijaribu gari kwenye matope yenyewe. Atieno nikamweka kiti cha katikati, maana gari ni yake, aikague. Nikitoka langoni, naona kwenye kioo kuna mzee ameketi kiti cha nyuma kabisa, suti nyeusi, kimya. Sikushtuka. Mabroka hutuma mtu wao aende nawe usije ukatoroka na gari. Nikamsalimu, hakuitikia. Nikasema moyoni, kaa na kiburi chako.

Kabla ya kufika Kendu Bay nikaacha lami. Haki ya Mungu, gari ilitembea! Trela nyuma, matope hadi nusu ya gurudumu, na haikuteleza hata kidogo. Nilikuwa nimeshaipenda. Ndipo Atieno akasema, "Baba, mwambie huyu babu aniondolee mkono. Ni baridi sana."

Nikageuka. Mkono ulikuwa juu ya bega la mtoto wangu. Kucha nyeusi, ngozi imevimba na kulegea kama mandazi iliyolowekwa kwenye chai. Puani kuna pamba. Yawa! Kabla sijakanyaga breki tukafika njia panda ya josho la ng'ombe, yule mzee akajipinda kutazama nje, nikauona mgongo wake. Koti limepasuliwa kutoka chini hadi kwenye kola, vile watu wa mochari wanavyopasua wakivalisha maiti. Mimi kazi yangu ni matanga, najua. Ndani ya ule mpasuko kulikuwa na nyama ya kijivu, na maji ya njano yanachuruzika taratibu kwenye kiti. Kiti nilichokuwa nikikisifu! Nilitapika juu ya usukani.

Gari ikasimama. Injini inanguruma, magurudumu manne yanazunguka, na hapo matope hayakuwepo hata ya kusumbua baiskeli. Atieno akaanza kupiga mayowe, miguu, baba, miguu. Nikamvuta mbele, nikampakata, nikampigia broka simu.

"Huyu mtu wako uliyenipa ni nani?"

"Mtu gani? Mimi sijakupa mtu."

"Mzee wa suti! Nyuma! Na gari imegoma hapa kwa josho!"

Nikasikia anafunga mlango. Kisha akasema polepole, "Omera, hiyo gari ndiyo ilitoa mwili wa mzee mmoja mochari ya Awendo. Injini ilikufa hapo kwa josho. Tukahamisha jeneza kwa trekta ya miwa."

"Na mlimwambia?"

"Mvua ilikuwa inanyesha, kila mtu anakimbia..."

Mnaelewa alichofanya yule mpumbavu? Kwetu maiti akisafirishwa kwenda nyumbani, lazima awepo wa kumsemesha njiani. Sasa tunavuka mto, sasa tunakata kona, sasa tunabadilisha gari, shuka twende. Usipomwambia, atajuaje? Walizika mwili, mwenyewe wakamwacha kitini. Halafu wakaosha gari na kuitafutia mnunuzi.

Hospitali iko Homa Bay, mtoto anakata pumzi mapajani mwangu. Nikajifuta mdomo, nikasema kwa sauti, "Jaduong', mzee wangu, nisamehe. Niruhusu nimfikishe mtoto hospitalini kwanza. Nakuahidi, leo leo nitarudi na wewe hapa, nikufikishe langoni kwako." Gari ikaondoka kama iliyosukumwa.

Atieno aliwekewa dripu na hewa, jioni akafungua macho. Namshukuru Mungu. Na mimi je, nilirudi? Sikurudi. Nilisimama mbele ya ile gari, harufu ikanijia. Nikaiacha pale nje, nikampigia broka aje achukue uchafu wake. Nikafungua trela yangu, nikaenda kuoga mara tatu.

Ile gari iliuzwa kwa familia nyingine. Mwenyewe anaisifu, anasema hainuki chochote. Haiwezi kunuka. Yule mzee aliifuata ahadi yangu, yuko kwenye kigari changu. Nimebadilisha viti, nimeleta mchungaji akaombea, wapi! Mimi, mtu wa ziwa, samaki simli tena. Broka alinielekeza kwao, na mara tatu nimemfikisha hadi kwenye lango la boma lake, nikafungua mlango, nikasema, "Jaduong', tumefika, shuka." Hashuki. Haliamini tena neno langu.

Juzi mvua ilianza, miguu ikamshika Atieno. Nikamfungulia mlango wa gari. Akatazama ndani, akarudi nyuma, akaniambia, "Baba, niitie bodaboda." Nikamfunga blanketi na nailoni, akaenda na baridi ile ile niliyoapa haitampata, na mimi namfuata nyuma na gari kavu, na abiria wangu.

Basi wewe unayetafuta gari ya familia, usiulize dizeli na trela tu. Uliza nani alibebwa humo mara ya mwisho, na kama aliambiwa ashuke. Na ukimwahidi marehemu, mpeleke kwanza. Harufu utaoga baadaye.