Mkono wa Kipchumba

Siku Kipchumba alipoipatia Jeddah kombe, wanaume kumi na mmoja tulikaa kambini Riyadh tukabishana kwa nini kwetu alishindwa.

Kila mtu alikuja na sababu yake.

Ya kweli niliijua mimi. Nikanyamaza.

Nilidhani niko peke yangu.

Naitwa Gaudensi, mtu wa Bukoba. Mwaka 2015 nilikuwa na miaka hamsini na tisa, mtunza stoo wa kampuni iliyohudumia makazi ya wahandisi wa kigeni. Shule ya mchana niliikosa. Elimu niliyonayo niliipata kwenye masomo ya jioni, nikiwa tayari baba wa watoto watatu. Silisemi hilo kwa aibu.

Wahandisi ndio walioleta besiboli. Kwa asiyeujua mchezo huo: mmoja anarusha mpira, mwingine anausubiri na gongo. Akiukosa mara tatu, anatoka. Timu nzima inaegemea mkono wa mrushaji.

Kampuni ikaona na sisi wafanyakazi tucheze, kambi kwa kambi. Mwisho wa msimu timu nne bora zinaingia mtoano.

Kijitabu cha sheria kilikuwa cha Kiingereza. Nilikisoma chote, kamusi pembeni, mwezi mzima. Hakuna mwingine aliyefika ukurasa wa kumi. Basi nikawa kocha, na Wakenya wakaanza kuniita Mwalimu.

Mrushaji wetu alikuwa Kipchumba, mlinzi wa getini, mtu wa bonde la Kerio. Alikua akifukuza nyani shambani kwa mawe. Mkono wake haukupita juu ya bega. Ulitokea chini, ubavuni, kama anayefyeka majani, na mpira ulifika kabla mpigaji hajajua ausimamie vipi.

Msimu wa kwanza tulipoteza mechi mbili tu.

Mhandisi mmoja akaniuliza, anatabasamu, ni nani aliyemfundisha yule kurusha vile. Mpaka leo sijui kama alikuwa anasifu au anacheka.

Mimi nilisikia kicheko.

Nusu fainali ilikuwa na wageni. Wakubwa wa kampuni chini ya hema, juisi, viti vyenye vitambaa. Nikamwita Kipchumba pembeni, nikamwonyesha picha kwenye kijitabu. Mkono uko juu ya kichwa, umenyooka.

"Leo utarusha hivi."

Akaitazama ile picha muda mrefu.

"Sawa, Mzee."

Tulipigwa vibaya sana.

Mwaka uliofuata ikawa vilevile. Msimu mzima nilimwacha arushe atakavyo, siku ya wageni nikamtaka arushe nitakavyo. Tukapigwa tena. Hakunilaumu, wala hakumweleza mtu.

Kambi ikasema Kipchumba hana moyo wa mtoano. Wengine wakasema ameuza mechi. Ofisi ilipotaka mlinzi mmoja wa kupeleka Jeddah, jina lake lilitoka kwetu.

Mwandiko ulikuwa wangu.

Sasa, Kipchumba alikuwa na mke palepale Riyadh. Keziah, muuguzi. Kila Ijumaa walikutana, wakala pamoja, akamrudisha hosteli kwao. Jeddah ni karibu kilomita elfu moja kutoka Riyadh.

Siku ya kuondoka alinipa mikono yote miwili, kama mtu anavyomuaga baba yake.

Mwaka haukuisha. Jeddah ikashinda nusu fainali, ikashinda fainali, na mrushaji ni Kipchumba. Video ilifika kwenye simu zetu Ijumaa asubuhi. Wenzangu walitazama matokeo. Mimi niliutazama mkono.

Ulitokea chini.

Ubishi wa siku ile haukuwa wa kupitisha muda. Nafasi ya mkuu wa walinzi Riyadh ilikuwa wazi na Kipchumba alikuwa ameiomba, ili arudi karibu na mkewe. Ofisi ikatuuliza sisi kambi: mtakubali awasimamie? Jibu lilitakiwa kabla ya alasiri.

Dalmas, mpishi wetu, akasema ni hewa ya bahari. Inaufanya mpira kuwa mzito.

Hillary, dereva, akamkatiza. "Hewa gani? Huyo msee alituuza. Halas, imeisha."

Mwingine akasema labda ni chakula cha hapa. Dalmas akajibu kwamba chakula hichohicho kilimpeleka nusu fainali mara mbili. "Kwani wali wangu una kalenda? Unajua leo ni mtoano?"

Watu wakacheka. Wakageukia mdakaji wa Jeddah, yule anayempokelea mrushaji mpira, wakasema ana mikono mizuri kuliko wetu. Wakasema uwanja. Wakasema mke, kwamba mwanaume aliye karibu na mkewe hawezi kukaza. Saa mbili nzima, sababu inaingia, sababu inatoka.

Hakuna aliyeutaja mkono. Nikashukuru Mungu kimoyomoyo.

Kisha Hillary akanigeukia. "Mwalimu, we unaonaje?"

Ningeweza kusema pale. Maneno yenyewe hayakuzidi kumi.

"Ni hewa," nikasema.

Mikono kumi ikanyooshwa kumkataa. Wa kwangu niliuacha magotini. Nikaandika barua kwa Kiingereza safi, nikaipeleka ofisini, nikarudi nikala.

Nafasi akapewa mtu mwingine. Mkataba wa Keziah ulipokwisha Desemba hakuongeza. Akarudi kwao Kenya.

Miezi mitatu baada ya kura ile, Keziah akiwa ameshaondoka, nilitumwa Jeddah na lori la vifaa. Nikamtafuta Kipchumba. Siku yake ya mapumziko alikuwa mtaa wa Bani Malik, kwenye chumba walichopanga yeye na wenzake. Nilipoingia aliinuka kwenye kiti pekee kilichokuwamo.

"Huyu ndiye mwalimu wangu wa besiboli," akawaambia.

Wote wakasimama kunipa mkono. Kumbe alishawasimulia habari zangu, mzee aliyesoma kitabu kizima.

Akanimiminia chai. Kisha akaniuliza, taratibu, "Mzee, nasikia kambi ilinikataa. Kuna mahali niliwakosea?"

"Hapana."

"Basi sawa."

Akaniongezea sukari.

Ningependa kuwaambia nililia njiani. Sikulia. Nilikaa kwenye lori kwa saa kumi na zaidi, na ndani mwangu mlikuwa kama mguu uliokufa ganzi. Upo, ila si wako.

Nilipofika niliwakusanya wote, nikawaeleza. Picha, amri yangu, nusu fainali mbili. Nikangoja wanivae.

Hakuna aliyeinua uso. Dalmas aliendelea kuchambua mchele.

"Mwalimu," Hillary akasema, "tulijua."

"Mlijuaje?"

"Macho si tunayo? Msimu wote anarusha chini, siku ya wageni anarusha juu. Na tulikuona ukimwonyesha picha."

"Sasa hewa? Na kwamba alituuza? Wewe ndiye uliyesema," nikamwambia.

"Tungesema nini, na wewe umekaa hapo? Wewe ndiye mzee wetu."

Dalmas akasema bila kusimamisha mikono, "Angerudi, angerusha chini mbele ya kila mtu. Wewe ungeweka wapi uso?"

Hapo ndipo nikaelewa ile kura. Saa mbili za ubishi, wanaume kumi walikuwa wanauzunguka mkono ule kwa makusudi, wananifunika. Na mwenye mkono wakamfungia nje, ili mimi nisiaibike.

Siku hiyohiyo niliandika barua nyingine ofisini, na safari hii niliandika kila kitu. Jibu lilikuwa mstari mmoja: nafasi imejazwa.

Kipchumba alimaliza mkataba wake Jeddah. Alitwaa kombe mara moja tena. Kambini hatukubishana.

Vijana mnaosoma hapa mtasema funzo ni kutovunja kipaji cha mtu. Ni kweli, lakini hilo mtafundishwa na wengine. Mimi nasema na wazee wenzangu. Usingoje wanaokuheshimu wakuambie umekosea. Hawatakuambia. Wataona, watanyamaza, na mzigo watamtwika mwingine.

Heshima unayopewa, kuna mtu anailipia. Mtafute, umjue kwa jina.

Wa kwangu aliitwa Kipchumba. Na Keziah.