Kikombe cha Pili cha Ayeeyo

Ukiingia mtaa wa Umoja, Nairobi, ukauliza nyumba ya Mama Lorraine, mtu wa kwanza utakayekutana naye atakuuliza: unataka sare ya shule au unataka juisi? Ndivyo anavyojulikana Wakiuru. Mchana hushona sare za watoto katika chumba cha mbele, cherehani imeelekea mlangoni ili salamu za watu zisimpite. Jioni, kukiwa na joto, huchemsha karkade.

Karkade, kwa asiyeijua, ni yale maua makavu mekundu yenye uchachu, yanayouzwa kwa magunia kule Eastleigh. Alifundishwa na Khadro, jirani yake wa ghorofa ya juu, mke wa mwenye duka la vyombo. Lakini mwanafunzi akampita mwalimu. Khadro alikuwa anachemsha maua, anatia sukari, basi. Wakiuru akaongeza mchaichai, ambao ameupanda kwenye mkebe wa rangi pale ngazini. Akaongeza tangawizi ya kuponda. Na moto ukishazimwa, hutupia kishada cha nanaa. Nanaa haipikwi, atakwambia. Nanaa hutandikwa juu tu kama mtandio. Halafu hufunika sufuria na kungoja ipoe kabisa ndipo aichuje na kuimimina kwenye chombo cha plastiki, maana ikiingia na moto wake hubeba harufu ya plastiki, na hakuna kitu kinachomuudhi kama hicho.

Hilo la kuipoza lishike, ndugu yangu, maana ndilo lililomponza.

Ramadhani ilikuwa imeangukia kwenye joto, na Khadro alikuwa ameandaa futari kubwa ya Ijumaa. Mama mkwe wake, Batulo, ambaye nyumba nzima humwita Ayeeyo, yaani bibi kwa Kisomali, alikuwa amekuja kukaa nao. Wifi, mashemeji na watoto wote wangekuwapo. Khadro akamwomba Wakiuru atengeneze karkade ya watu wote hao, na aje afuturu nao.

Sasa, kulikuwa na neno. Majuzi tu wakwe walikuwa wamekuja kwa Wakiuru kuleta posa ya Lorraine, binti yake, na kama desturi ya Wakikuyu ilivyo, akina Mureithi, watu wa bwana harusi, walikuja na muratina, pombe ya asali. Ploti nzima, wapangaji wote wa jengo, iliona mitungi ikipandishwa ngazi. Kwa hiyo Hodo, wifi yake Khadro, aliposikia juisi itatoka wapi, aliuliza kama ni halali kunywa kutoka nyumba ile. Khadro mwenyewe ndiye aliyemsimulia Wakiuru, huku akicheka.

"Nimemwambia, mikono ya Mama Lorraine naijua kuliko yangu," alisema. "Ikiharibika, mniulize mimi."

Wakiuru akacheka pia, lakini neno lile lilimkaa kifuani kama medali.

Alhamisi alasiri akachemsha masufuria mawili makubwa. Nyumba ikanukia mchaichai hadi kwa majirani. Ilipopoa akatafuta pa kuimimina, na hapo ndipo shida ilipokuwa. Umoja maji yakija baada ya kukauka, mtu hujaza kila alicho nacho, mpaka beseni la kuogea mtoto. Ndoo zote zilikuwa zimejaa, mitungi yote imejaa, na hakuna mwenye akili timamu anayemwaga maji yaliyongojewa hivyo. Mtungi mmoja tu ndio uliokuwa mtupu, chini ya ngazi. Ulikuwa wa wakwe. Waliusahau siku ya posa.

Aliusuuza. Kwa maji kidogo, ndiyo, kwa sababu ya ule uchoyo wa maji. Akauinua akaunusa. Harufu ilikuwepo, ya mbali, ya asali iliyolala. Akajiambia ni sabuni. Hakuwa ametumia sabuni.

Watu wa nyumbani kwake wanajua: muratina hulala mle ndani ya chombo. Baba yake alikuwa na kibuyu ambacho hakikuoshwa kamwe, kwa sababu kile kilichoganda ukutani mwake ndicho kilichoamsha pombe mpya. Unatia kitu chenye utamu, kisicho cha moto, unakifunika, unakiacha kwenye joto. Wakiuru alilijua hilo tangu utotoni. Lakini kuna kujua kwa kichwa na kuna kujua kwa mkono ulio na haraka.

Kesho yake hakuionja. Hapa mtu anaweza kumwonea huruma, maana hakuionja kwa heshima. Siku anazoalikwa futari, yeye hufunga pamoja nao, hata maji hagusi; anasema haifai kwenda kukaa na wenye njaa huku umeshiba. Jioni alipofungua kifuniko ili atie barafu, mtungi ulipiga pumzi, fss. Akasema moyoni, tangawizi hiyo.

Walikaa mkekani, wanawake na watoto, wanaume chumba kingine. Adhana ikatoka msikitini, wakala tende, wakanywa maji. Kisha karkade ikapita, nyekundu kama kitambaa cha velveti. Ayeeyo Batulo akanywa, akafumba macho. Akasema kitu kwa Kisomali na wote wakacheka. Khadro akamtafsiria Wakiuru: anasema leo umeitia pilipili, inamkuna koo vizuri.

Ndipo Wakiuru naye akainua kikombe chake.

Ulimi ulijua kabla yake. Chini ya uchachu wa maua, nyuma ya nanaa, kulikuwa na ule mwasho mdogo wa kibuyu cha baba yake, ule aliokuwa akitumwa kuuonja akiwa msichana ili aseme kama imeiva. Haikuwa kali. Ilikuwa changa. Lakini ilikuwa imeanza.

Akatazama mkekani. Watoto walikuwa bado kwenye sambusa, jagi halijawafikia, wala halijavuka kwa wanaume. Hodo alikuwa ameshika kikombe, anakinusa taratibu. Khadro alikuwa anamwangalia Wakiuru kwa furaha, kama mtu aliyeshinda kesi. Wakiuru akafungua mdomo. Akaona jinsi uso ule utakavyobadilika mbele ya wifi na mama mkwe. Akaufunga.

Na Ayeeyo akanyoosha kikombe chake kitupu. Hakumnyooshea mtu mwingine ila yeye, mwenye juisi. Wakiuru akachukua jagi akammiminia. Akakijaza.

Kisha akasimama ghafla, akasema barafu imekwisha na juisi ya watoto haifai kunywewa vuguvugu, ngoja akaongeze. Akakusanya jagi na mtungi, akashuka nao, akamwaga yote kwenye sinki la jikoni kwake. Akarudi mikono mitupu na uongo wa pili: ati mtungi umemponyoka ngazini. Wakampa pole. Khadro akamwuliza kama ameumia.

Mume wa Wakiuru, Kinyanjui, alicheka mpaka akashika ubavu alipoelezwa. Akasema Mama Lorraine amewalewesha mahujaji. Alipoona machozi akanyamaza, akatoa shauri la wanaume wengi: lisilojulikana halijatendeka, acha lipite. Lorraine alikuwa mkali zaidi. "Mum, ungekuwa wewe umelishwa usichokula, na mwenye kukulisha anajua, ungeskia aje?" Wakiuru akakaa kwenye cherehani akashona kola ya shati upande wa ndani nje, akaifumua, akaishona vilevile tena.

Jumamosi mchana Khadro akashuka na sahani ya sambusa.

Alikuja na salamu. Ayeeyo amelala usiku kucha kama mtoto mchanga, magoti hayakumsumbua, na anauliza kama leo atapata tena ile karkade ya pilipili. Khadro aliyasema hayo akiwa ameegemea mlango, anacheka, na kila neno lilimwingia Wakiuru kama sindano isiyo na uzi.

"Mama Lorraine, mbona hivyo? Kuna msiba?"

"Ile juisi ya jana ilikuwa imeanza kuwa pombe."

Khadro akaiweka sahani juu ya vitambaa. Akauliza ametia nini. Wakiuru akamweleza habari ya mtungi wa wakwe na maji machache, na kwamba ameumwaga kwa makusudi wala haukumponyoka. Khadro akasema, kwa sauti ya upole zaidi ya alivyostahili Wakiuru, kwamba aliyekunywa bila kujua hana dhambi, na Mungu anaona mioyo. Akainuka. Wakiuru akadhani limekwisha.

"Panda twende," Khadro akasema. "Utamwambia mwenyewe. Mimi maneno haya siyabebi kwenye ngazi."

Ayeeyo Batulo alikuwa ameketi dirishani na tasbihi yake. Wakiuru akapiga magoti, hakujua kwa nini, miguu tu ndiyo iliyotaka. Akasema, na Khadro akatafsiri sentensi baada ya sentensi. Kutoka jikoni mlio wa vyombo ulikoma. Hodo alikuwa anasikiliza. Uso wa bibi haukusogea. Tasbihi ndiyo iliyosimama. Halafu akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokota, kwa hiyo mkalimani hakuhitajika:

"Mwanangu, wewe umejua lini?"

Khadro akawahi. "Amejua alipofika nyumbani kwake, Ayeeyo. Tumeshamaliza kula."

Mlango ulikuwa umefunguliwa, nao ulikuwa umefunguliwa na rafiki. Wakiuru alitakiwa kutikisa kichwa tu. Akamtazama Khadro, aliyeweka jina lake rehani kwa ajili yake mbele ya wifi, na leo analiweka tena, tena kwa uongo, na mchana wa Ramadhani.

"Hapana," akasema. "Nilijua mapema. Nilijua kabla sijakumiminia kikombe cha pili."

Khadro akageuza uso ukutani. Ayeeyo akamwangalia mkwewe, akamwangalia Wakiuru, akachukua muda wake wote.

"Mtungi hauna macho," akasema. "Wewe una macho."

Wakiuru akaanza kuinuka, akiwa na hakika kwamba ndiyo mara yake ya mwisho kukanyaga mkeka ule. Bibi akamshika mkono, si kwa kumbembeleza, bali kama mtu anavyomzuia mtoto asivuke barabara. Akazungumza kwa Kisomali, kwa kirefu. Khadro akatafsiri bila kumtazama mtu: leo Mama Lorraine atapika hapa hapa, kwa sufuria ya hapa, na Ayeeyo atakaa akiangalia.

Basi akapika. Hodo alikuwa amevitoa vikombe vyote kabatini, hata visivyotumika jana, anaviosha upya kimoja kimoja, bila kusema lolote, na kelele za vikombe zilitosha. Bibi alikalia kigoda karibu na jiko, macho mikononi mwa Wakiuru. Huyu akachemsha maua, akakata mchaichai, akaponda tangawizi. Mambo aliyoyafanya miaka na miaka bila kufikiri, sasa kila kidole kilikuwa kinajiuliza kama kinafanya sawa. Alipotaka kutandika nanaa, alimwonyesha bibi kwanza kile kishada, pande zote mbili, kama anayekaguliwa mzigo mpakani. Bibi akaashiria sawa.

Wakiuru hakuwa amefunga siku hiyo. Asubuhi alifikiri kufunga, akaona hana haki.

Adhana ikatoka. Tende zikaliwa, maji yakanywewa. Jagi likasimama katikati ya mkeka, na hakuna aliyeligusa, hata watoto, ambao kwa kawaida huligombania. Ayeeyo mwenyewe akalishika kwa mikono miwili, akamimina kikombe kimoja, akampa Wakiuru.

Akanywa. Chumba kizima kilikuwa kinatazama koo lake. Mumin, mtoto mdogo wa Khadro, alijikunyata kwenye paja la mama yake akisubiri kuona kitakachompata Mama Lorraine. Ilikuwa karkade tu, na sukari, na majani. Akainamisha kichwa: ni safi. Khadro, upande wa pili wa mkeka, alikuwa anachambua ukingo wa mtandio wake.

Ndipo Ayeeyo akanyoosha kikombe. Wakiuru akammiminia, tone moja jekundu likaanguka kwenye kitambaa cheupe kilichotandikwa mkekani. Hodo akavuta tambara, akalifuta, akasugua hata palipokuwa pameshatakata.